Dipoziti Si Zawadi: Ukitoka Nyumba, Makato Yaangaliwe Moja Moja



Wengi mmeomba mazungumzo ya Alhamisi, yale tuliyofanya baada ya Isha hapa Ndia Kuu, yaandikwe ili waliokosa wayapate. Haya hapa. Nimeyanyosha kidogo tu, kwa hivyo nivumilieni panapoonekana kama naongea na wewe tumeketi barazani.

Nianze na pesa. Ukiingia nyumba ya kupanga Mji wa Kale, watoa kodi ya mwezi wa kwanza, watoa dipoziti ya mwezi mmoja, wengine watakwa miwili, na juu yake dipoziti ya maji na stima. Ajenti naye ana yake. Ni pesa nyingi kwa siku moja, na wengi huzikopa. Miaka ikipita wazisahau. Siku ya kutoka ndiyo wazikumbuka, kwa sababu pesa hizo ndizo unazotegemea zikuingize nyumba nyengine. Mtu akikatwa dipoziti yote, yule wa kule anakohamia hamngoji. Nimeona familia zimerudi kwa nyumba ya wazazi, watoto wanne chumba kimoja, kwa sababu ya karatasi moja ya makato iliyoandikwa na mkono dakika tano.

Sasa swali la kwanza, na naomba ujijibu kabla hujaendelea: pesa ile ni ya nani?

Ni yako. Iite rehani, iite amana, iite utakavyo, haijawa mali ya mwenye nyumba mpaka athibitishe kitu anachokudai. Wengi wetu tumeshaizoea kinyume. Twaenda kuomba, "mama, naomba unisaidie na dipoziti yangu," kama tunaoomba sadaka. Ukianza kwa kuomba, umeshapoteza nusu ya mazungumzo. Sema, "Nimekuja kuchukua dipoziti yangu, na kama kuna makato naomba niyaone." Kwa adabu, kwa sauti ya chini, lakini hivyo.

Swali la pili ndilo gumu: uharibifu ni nini? Maana mwenye nyumba haji akakwambia "nakunyima." Hukwambia "umeniharibia nyumba."

Kwa wale waliosoma fiqhi kidogo, mlango wa ijara wajibu vizuri sana. Kwenye madhehebu yetu ya Shafii hapa pwani, kitu ulichokodi kiko mkononi mwako kama amana. Kikiharibika bila ya wewe kuvuka mipaka ama kufanya uzembe, hulipi. Ukivuka mipaka ama ukazembea, walipa. Mwenye kukodisha alijua kitatumika, ndiyo maana akachukua kodi. Kodi yenyewe ni bei ya kule kutumika.

Na sheria ya Kenya, ukiifungua, yaja pale pale. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 66, yasema mpangaji akitoka aregeshe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini hafungwi kutengeneza kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Wala kwa moto, mafuriko ama ajali ambayo haikutokana na uzembe wake. Wala kwa dhoruba na majanga kama hayo. Kifungu kabla yake, cha 65, chamtwika mwenye nyumba mizigo yake: ikiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu, ngazi na njia za pamoja ni juu yake kuziweka sawa.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho ukifikiria nyumba zetu. Nani hapa amepanga jengo zima? Mtu akaa orofa ya pili, juu yake kuna mwengine, chini kuna duka. Paa likivuja mpaka boriti zikaoza, na dari ikaanguka juu ya kitanda chako, halafu siku ya kutoka waandikiwa "dari". Dari ipi? Wewe ndiye uliyekuwa wadaiwa pole.

Na sasa niseme habari ya kuta, kwa sababu kesi nyingi za mtaa huu ni kesi za kuta. Nyumba hizi za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko. Tuko kisiwani, bahari iko hapo. Jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka chini, na maji yale yana chumvi. Chokaa ya kizamani iliacha ukuta upumue, unyevu ukatoka taratibu. Siku hizi fundi aja na simiti, apiga plasta ngumu juu ya lile jiwe, halafu rangi ya plastiki juu yake. Ukuta umezibwa pumzi. Maji yabaki ndani, chumvi yatafuta pa kutokea, yasukuma rangi, yasukuma plasta. Ndiyo ule unga mweupe mnaouona, na vile vipande vinavyoanguka nyuma ya kabati. Masika ikija ndiyo zaidi. Muulize fundi yeyote mzee wa chokaa atakwambia. Mpangaji hakuuleta ule unyevu kwenye begi lake.

Kwa hivyo ukuta uliochanika kutoka chini kwenda juu, kiasi cha goti ama kiuno, wenye unga wa chumvi, huo ni ukuta wa nyumba. Shimo la msumari wa nchi sita ulilopiga kutundika televisheni, hilo ni lako. Ukitoboa ukuta kupitisha bomba la AC bila ruhusa, ni lako. Na ikiwa umegongea misumari kwenye mlango wa nakshi ili utundike waya wa intaneti, ndugu yangu, usije kwetu tukutetee kwa neno uchakavu. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na mlango kama ule huwezi kwenda Mwembe Tayari ukanunua mwengine.

Nije kwenye karatasi yenyewe. Mama mmoja, sitamtaja wala nyumba sitaitaja, alitujia akiwa nayo kwenye mkoba. Amekaa nyumba ile miaka 6. Kodi yake ilikuwa 16,000. Dipoziti 16,000, na ya maji na stima 3,000, jumla 19,000. Makato yaliandikwa hivi: rangi nyumba nzima 11,000, plasta ya chumba cha nyuma 6,500, kitasa cha mlango 1,800, kioo cha dirisha 900, usafi 2,000. Jumla 22,200. Yaani alikuja kuchukua 19,000 akaambiwa yeye ndiye anadaiwa 3,200, na kitanda chake kisitoke mpaka alipe.

Tukakaa naye, tukapita mstari mmoja mmoja. Mstari mmoja mmoja, hiyo ndiyo kazi. Ukigombana na jumla utapigana mpaka Subhi.

Kioo? Akacheka, akasema mtoto wake alikivunja na mpira. Khalas, 900 ni yake. Kitasa? Funguo zilipotea, wakavunja. Alisema kitasa kilikuwa cha zamani, na hapo angeweza kubishana, maana ukiharibu kitu kilichochakaa hulipi bei ya kipya kana kwamba kilikuwa kwenye boksi. Lakini alisema wacha, nitalipa. Usafi? Nyumba aliifagia na kuipiga deki siku ile ile, na majirani wawili walimuona. Rangi? Miaka 6! Rangi ya nyumba ya kupanga, karibu na bahari, watoto watatu. Hata angekuwa anaishi malaika ingehitaji kupigwa. Rangi mpya ni ya mpangaji mpya na kodi mpya, ambayo kwa njia, tulisikia imepandishwa. Plasta? Chumba cha nyuma, ukuta wa chini, unga mweupe. Nimeshasema.

Na kitanda? Hapa nataka msikilize sana. Sheria ya kukamata mali kwa sababu ya kodi, Sura ya 293, yahusu malimbikizi ya kodi. Haihusu rangi, haihusu plasta. Na hata kwa kodi, kazi ile ni ya dalali mwenye leseni, si ya ajenti na vijana wawili na kufuli. Mwenye kukufungia vyombo kwa sababu ya madai ya uharibifu hana mguu wa kusimamia. Mama yule alichukua kitanda chake siku iliyofuata, baada ya simu moja ya heshima.

Tulikaa kikao cha sulhu, mwenye nyumba na mwanawe, mama na kakake, na wazee wawili wa mtaa. Ilichukua saa mbili na chai mara mbili. Mwenye nyumba si mtu mbaya, na alisema jambo ambalo sikulitegemea: mpangaji wa kabla ya huyu alitoroka usiku na bili ya maji ya miezi mingi, na tangu hapo aliapa hataregesha dipoziti ya mtu. Mama huyu alikuwa analipia kosa la mtu asiyemjua. Mwisho walikubaliana: yakatwe ya kioo na ya kitasa, 2,700, aregeshewe 16,300 kwa awamu mbili kupitia M-Pesa. Ikaandikwa, ikatiwa saini. Awamu ya kwanza imeingia. Ya pili bado, na tunaifuatilia.

Kwa hivyo wenye nyumba mnaosoma hapa, na najua mpo, siwasemi kwa ubaya. Wengi wenu ni wajane na wazee, kodi hiyo ndiyo dawa ya presha na karo ya wajukuu. Kuna wapangaji waharibifu. Kuna na huu mtindo wa kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa, mtu asema "kaa na dipoziti." Mimi siupendi. Mkataba mwingi waukataza, na wakutia kwenye deni la kodi, pale pale ambapo sheria ya kukamata mali yafanya kazi. Lakini wajua umetoka wapi? Umetoka kwa watu walioregeshewa karatasi badala ya pesa. Dipoziti zikianza kurudi, mtindo huo utapungua wenyewe.

Haya, na wewe unayeingia nyumba mwezi huu, usingoje kugombana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, ni habari ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Lakini hapa kwetu mtu akitoa karatasi aambiwa "kwani huniamini?" Mjibu kwamba ndiyo wamwamini, na ndiyo maana waandika, ili shetani asipate pa kuingia.

Siku ya kuingia, kabla hujaleta hata godoro, piga video. Anza mlangoni ukitaja tarehe kwa mdomo, pita chumba kwa chumba, fungua bomba, washa taa, onyesha vioo vilivyopasuka, piga dari, piga kuta chini. Mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku ile ile na maneno mawili: "Hii ndiyo hali niliyoikuta." Ujumbe ule una tarehe na hauwezi kusema umesahau. Siku ya kutoka fanya vile vile. Kitu kikiharibika katikati, paa likivuja, bomba likipasuka, mwandikie wakati ule. Usimwambie kwa mdomo ngazini. Miaka mitatu baadaye ngazi haitoi ushahidi.

Na pesa. Dipoziti ilipwe kwa mwenye nyumba ama kwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba. Tumeona watu wametuma kwa namba ya mlinzi, mlinzi ameondoka, na mwenye nyumba asema yeye hakuona kitu. Risiti iandikwe neno "dipoziti", maana "pesa ya nyumba" inaweza kuwa chochote. Mkataba usome mpaka mwisho kabla ya saini. Mingine ina mstari usemao mpangaji atapiga rangi akitoka. Ukitia saini hapo, hoja yangu ya rangi huko juu imeshapungua nguvu sana, kwa hivyo bishana siku ya kuingia.

Ikiwa umeshatoka na hujalipwa, andika barua. Si lazima iwe ya wakili. Sema hivi: nilipanga nyumba fulani kuanzia tarehe fulani hadi fulani, nililipa dipoziti kiasi fulani, nimeregesha funguo tarehe fulani, naomba dipoziti yangu ndani ya siku 14, na kama kuna makato naomba orodha, picha na risiti za fundi. Hapo mwisho ndipo penye nguvu. Makato mengi huyeyuka ukiomba risiti ya fundi. Na ukiletewa makadirio makubwa, mchukue fundi wako akaangalie kazi ile ile.

Barua ikipuuzwa, wapi? Watu wengi hukimbilia kwa kadhi. Kadhi hana mamlaka hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, yampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Anaweza kukunasihi kama mzee mwengine yeyote, lakini hawezi kumwamuru mtu akulipe dipoziti. Chifu vile vile: atawasuluhisha, hatawahukumu. Sulhu ni njia nzuri na Katiba yenyewe yaipendelea, kifungu cha 159. Ianzwe hapo.

Ikishindikana kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo iko hapa Mombasa. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na tangu 2020 kiwango chake kilipandishwa hadi shilingi milioni moja. Dipoziti ni pesa yako iliyoshikwa na mtu mwengine, na madai ya namna hiyo yamo ndani ya mamlaka yake, pamoja na madai ya uharibifu wa mali. Kesi ya nani mwenye ardhi haiingii huko. Waweza kusimama mwenyewe bila wakili, na kesi yatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Jua tu kwamba mwenye nyumba naye aweza kuleta madai yake papo hapo, kwa hivyo kile kioo ulichovunja kikubali mapema. Hakimu akikuona mkweli kwenye 900, atakusikiza kwenye 11,000. Na usikate tamaa ukiwa umetoka nyumba zamani. Madai ya mkataba yana miaka 6.

Wenye nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi wana baraza lao chini ya sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296. Wapo bado mtaani, wazee waliopanga tangu zamani, lakini kwa sisi wengine kiwango kile kilishatupita.

Nyumba za wakfu nimeulizwa mara nyingi. Hapo anayekuja kuchukua kodi si mwenye mali. Uliza nani msimamizi, na kama ni Tume ya Wakfu, ofisi yao iko hapa hapa Mombasa na sasa wafanya kazi chini ya Sheria ya Wakfu ya 2022. Barua yako ipeleke huko, nakala ubaki nayo.

Kuna ndugu aliuliza mbona wenzetu Uingereza hawana shida hii. Shida wanayo, lakini tangu mwaka 2007 mwenye nyumba kule ni lazima aiweke dipoziti chini ya mpango maalumu ulioidhinishwa, na akitaka kukata ni juu yake kuthibitisha. Wala usiende mbali hivyo: Dubai, ambako nusu ya mtaa huu ina jamaa, sheria namba 26 ya 2007 yamtaka mpangaji aregeshe nyumba ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Sisi Kenya uchakavu tumeuandika, lakini dipoziti yenyewe bado yakaa mfukoni mwa mtu. Hilo ni jambo la kuwauliza wabunge wetu wakija kuomba kura, na tutawauliza.

Jumamosi baada ya Asri tutakaa tena pale pale. Njoo na mkataba kama unao, ujumbe wa M-Pesa, picha, na karatasi ya makato hata kama imekunjwa imechakaa. Mama zetu kuna nafasi ya kuketi peke yao, na kuna dada wawili watakaosoma nanyi. Wenye nyumba pia mnakaribishwa, chai ni moja.

Wassalamu alaykum.